Barua Iliyokaa Ndani ya Kibodi

Nikianza kuandika, jengo zima linajua. Kibodi yangu ni ya zile nzito, chuma upande wa chini na springi chini ya kila kitufe, na kila herufi inalia kama mtu anayevunja magamba ya kamba wakavu. Niliinunua kwa jasho langu, nikaibeba mkononi kutoka Dar es Salaam mpaka hapa kisiwani Nosy Be, Madagaska, kwa sababu sikukubali itupwe kwenye shehena pamoja na magodoro ya watu. Ofisa wa forodha aliipima uzito kwa mkono wake akaniuliza ni silaha gani hii. Nikamjibu kwamba ndiyo, ni silaha, na imenilisha miaka ishirini.

Sijisifu bure. Niliondoka kisiwani na mfuko mmoja wa plastiki, nimerudi na stashahada mbili ambazo yeyote anayepanda ngazi zangu ataziona ukutani, na ofisi ya vyumba vitatu juu ya duka la vitambaa hapa mjini Hell-Ville. Naandika bila kutazama vidole, Kifaransa, Kimalagasi na Kiswahili. Kama kuna mwingine kisiwani anayeweza hivyo, aje, nitamwajiri leo hii.

Lakini kibodi ya namna hii ina taabu zake, na mimi sifichi. Wasichana wa ofisini wanavaa vizibo vya masikio. Mteja mmoja kwenye simu aliniuliza kama huku kwetu mvua ya mawe inapiga bati. Upepo wa chumvi unaingia kwenye springi, na wateja wanaokuja moja kwa moja kutoka ufukweni Ambatoloaka wananiachia mchanga mezani kana kwamba ni malipo ya awali. Kwa hiyo kila baada ya miezi michache naifungua yote. Nang'oa vitufe kimoja kimoja, navitandaza kwenye sinia, nasugua kwa brashi na spiriti. Wiki iliyopita nilikuwa kwenye kazi hiyo, dirisha wazi, na harufu ikapanda kutoka ndani ya ganda: vumbi, plastiki iliyopata joto, na mafuta kidogo ya vidole vyangu mwenyewe. Nikatazama zile herufi zimelala ovyo kwenye sinia, na mkono wangu ukataka kuzirudisha kwa mpangilio ambao hakuna kiwanda chochote duniani kinachoujua.

Mpangilio huo niliubuni mimi, nikiwa darasa la pili.

Tulikuwa tunaishi kijijini Marodoka, hapahapa kisiwani, mimi, mama na Koko, yaani bibi yangu mzaa mama. Ndivyo Wakomoro wanavyomwita bibi. Nje ya nyumba tulizungumza Kimalagasi kama watu wote. Ndani, Koko hakukubali lugha nyingine ila Kikomoro chake. Mama alichuma maua ya mlangilangi kwenye shamba la watu, na alirudi saa tano asubuhi ananukia kama harusi.

Kibodi ya kwanza maishani mwangu ililetwa na Zama Saidi, kaka yake mama. Huku kwetu mjomba ni zama. Alikuwa dereva wa kampuni moja ya kuvua kamba kule Mahajanga, bandari ya kisiwa kikubwa. Alikuja likizo na gunia, akaingiza mkono, akatoa kitu chenye rangi ya meno ya mvuta tumbaku, ganda limepasuka pembeni, waya umejikunja kama mkia wa kinyonga.

"Ofisini wamenunua mpya," alisema. "Hii walitaka kuitupa. Nikasema, hapana, nina mpwa anayependa kubonyezabonyeza."

"Na kompyuta yenyewe iko wapi?" mama akauliza.

"Kompyuta imebaki Mahajanga."

"Kwa hiyo umetuletea meno bila mdomo."

Wote wakacheka. Mimi sikucheka, kwa sababu nilikuwa nimeshabonyeza kitufe cha kwanza. Kilishuka, kikakataa kidogo katikati ya safari, kisha kikakubali kwa mlio, na kidole kikasukumwa kurudi juu. Sijui niseme nini zaidi. Kuna watoto waliopewa baiskeli. Mimi nilipewa ule mlio.

Zama aliniambia kwamba kila ukibonyeza, herufi inaingia. Inaingia wapi, hakusema, na sikuona haja ya kuuliza. Nyumbani tulikuwa na redio ya kaseti. Watu wa Marodoka wenye ndugu Komoro walikuwa wanazungumza kwenye kaseti, kaseti inasafiri, na kule inatoa maneno yote pamoja na kukohoa. Nikajua kibodi ni kaseti ya vidole. Unaandika hapa, unabeba, ukifika Mahajanga unachomeka ule mkia wa kinyonga kwenye kompyuta, maneno yanamwagika.

Wiki ya pili Koko alimwaga tui la nazi juu yake. Sisimizi wakaja na jamaa zao wote. Nilivumilia siku mbili, siku ya tatu nikachukua mpini wa kijiko, nikang'oa vitufe vyote, nikaviosha kwa sabuni kwenye beseni na kuvianika kwenye ungo. Vilipokauka ndipo nilipogundua kwamba sikumbuki nani alikaa wapi. Nilichokumbuka ni kwamba safu ya juu ilianza na A, ikafuatiwa na Z. Nani anaweka Z baada ya A? Hata mtoto wa darasa la kwanza angepigwa fimbo.

Nikazipanga sawasawa. Shuleni tulisoma kwa Kimalagasi, na alfabeti ya Kimalagasi ina herufi ishirini na moja. A, B, D, E, F, nikaendelea hivyo, mpaka safu ya chini Z ikakaa mwanzoni. Zikabaki herufi tano mkononi ambazo mwalimu hakuwahi kutuandikia ubaoni: C, Q, U, W na X. Hizo nikazipeleka mwisho wa safu, mahali pa wageni. Zama aliniambia C, Q na X ni za vazaha, yaani wazungu, lakini U na W tusizichezee, kwa sababu bila hizo huwezi kuandika hata neno moja la Koko. Vitufe vingine viliegemea kidogo kwa kuwa havikuwa vya safu ile. Sikujali. Niliamini nimesahihisha kosa la kiwanda, na kwa mwezi mzima nilikaa nikijiona mkubwa kuliko mhandisi.

Aliyeanza habari ya barua ni Koko.

Koko alikuwa na ndugu mmoja tu wa kike, Eshati. Walizaliwa Mahajanga, wakaolewa pale, wakafiwa na waume pale, na mwishowe wakalala kitanda kimoja kama walivyolala utotoni. Kisha ukaja mwaka ule ambao Wakomoro wengi waliondoka Mahajanga. Mimi nilikuwa bado sijazaliwa. Watu wazima walisema "mwaka ule" na kushusha sauti, kisha wakauliza kama chai iko tayari. Ninachojua ni kwamba Eshati alipanda meli ya kwenda Komoro, na Koko, aliyekuwa na binti mwenye mimba, alikataa kupanda, akahamia Marodoka baadaye. Walirushiana maneno bandarini. Na Eshati akaondoka na mbuzi ya mama yao, mbuzi ya kukunia nazi, yenye kiti cha mkunazi na meno mazuri ambayo Koko alidai hayajatengenezwa tena tangu siku hiyo.

Koko alituma barua mbili. Zilirudi hazijafunguliwa, kwa sababu Eshati aliujua mwandiko wa binamu yetu, aliyemwandikia Koko, juu ya bahasha. Alituma kaseti. Kaseti ilirudi imerekodiwa taarabu juu yake, pande zote mbili.

"Mashine yako," Koko aliniambia siku moja, akiitazama kibodi kwa jicho la mtu anayepima ng'ombe. "Ina mwandiko wa nani?"

"Haina mwandiko, Koko. Ni kama barua ya serikali."

Akafikiri. Barua ya serikali Eshati hangethubutu kuirudisha. Alikuwa mwoga wa mihuri.

"Basi andika. Na mtu mzima yeyote asilisikie neno hata moja. Si mama yako, si Saidi. Apa."

Nikaapa.

Msimu mzima wa mvua Koko alisema na mimi nilibonyeza. Alikaa kwenye jamvi, miguu imenyooka kwa ajili ya magoti yake, na mimi mbele yake, kibodi juu ya mapaja. "Andika: Eshati, mbuzi ya mama uliichukua bila kuniuliza. Umeandika?" "Nimeandika." "Andika: hii niliyonunua sokoni inakuna kama mtu anayejikuna kwa aibu. Umeandika?" Kila siku tulianza tangu mwanzo, kwa sababu Koko alitaka nimsomee yaliyokwisha kuandikwa, na mimi, kwa kuwa hapakuwa na pa kusoma, niliyasema kwa kichwa huku nikiyabonyeza upya. Mpaka mvua zinapungua, vidole vyangu viliijua barua ile yote nikiwa nimefumba macho.

Siku moja mvua ilikuwa inapiga bati kwa nguvu, na Koko alikuwa anasugua magoti yake. Kisha akasema, hata hakusema "andika":

"Upande wako wa kitanda sijaulalia."

Nikabonyeza. Akashtuka.

"Umeandika hilo?"

"Nimeandika."

"Futa."

Zama alikuwa ameshanionyesha kitufe chenye mshale kinachokula herufi kurudi nyuma, mbonyezo mmoja herufi moja. Nikaanza. Koko aliinamia mbele akisikiliza milio, kana kwamba anahesabu tasbihi.

"Limekwisha?"

"Bado, nimefika kwenye kitanda."

"Endelea."

Nikafuta mpaka mwisho, na Koko akarudi kwenye habari ya mbuzi kwa sauti kali kuliko siku zote.

Likizo ndefu ilipofika, Zama alinipeleka Mahajanga kwa meli ya mizigo, siku mbili, kibodi nimeikumbatia ndani ya gunia lake. Ofisi ya kampuni ilikuwa karibu na bandari. Nje palinuka kamba, ndani palikuwa na baridi ambayo sikuwahi kuihisi maishani. Nilidhani nimeanza homa. Aliyekaa mbele ya kompyuta ni karani, Madamu Hanta, mwanamke wa nyanda za juu, mpole, mwenye kofia ya sufu kwa sababu ya ile baridi. Bosi huenda kula na kulala adhuhuri, na Zama alikuwa amemwomba Madamu aniachie mashine kwa muda huo. Palikuwa na haraka. Mzee Abdu, mfanyabiashara wa Moroni, kule Komoro, aliyewajua Koko na Eshati tangu ujana wao, angeondoka kwa jahazi la injini alasiri hiyohiyo, na alikubali kuipitia barua saa tisa. Baada yake hatukumjua msafiri mwingine.

Madamu Hanta alichomeka mkia wa kinyonga nyuma ya kompyuta. Taa ndogo za kijani zikawaka kwenye kibodi yangu. Sijawahi kuona kitu kizuri kama zile taa. Nikatazama kioo, nikangoja maneno yamwagike.

Hayakumwagika.

"Unangoja nini, mtoto?" Madamu aliuliza kwa Kimalagasi.

"Barua. Iko ndani."

Alinitazama, akamtazama Zama, na Zama akaanza kuusoma ukuta. Madamu hakucheka, na kwa hilo mpaka leo namwombea dua. Aliniambia kwamba kibodi haina tumbo. Ukibonyeza bila kompyuta, mlio unakwenda hewani na ndio mwisho wake.

Miezi yote ile. Nilihisi baridi ya chumba imeingia mpaka kwenye mifupa. Lakini mimi nilikuwa mtoto mwenye kiburi, na nikakumbuka kwamba barua naijua. Nikamwambia Zama atoke nje na Madamu asitazame. Nikaketi ukingoni mwa kiti, nikafumba macho, nikaviachia vidole. Waliniambia baadaye kwamba hata walinzi walikuja kuchungulia dirishani, kusikiliza kasi ile. Nilikwenda moja kwa moja, mbuzi, soko, magoti, mabati, mbuzi tena. Nilipomaliza nikafumbua macho.

Kioo kilijaa takataka. Mstari wa kwanza, mahali pa jina la Eshati, paliandikwa RJUAKI. Mahali pa mbuzi pameandikwa SZVWI. Ukurasa mzima ulikuwa hivyo, kama mtu aliyelala usingizi anasema na majini.

"Imeharibika!" nikalia.

Madamu Hanta alikuja, akaitazama kibodi, kwa mara ya kwanza akaitazama kweli. Akatoa sauti ndogo kama mtu aliyechomwa na sindano.

"Nani alipanga herufi hizi?"

"Mimi. Zilikuwa zimekosewa."

Hapo alicheka, mpaka kofia ikamwegemea sikioni. Kisha akachukua kidole changu akakiweka kwenye kitufe changu cha E. Kwenye kioo ikatoka R. Akakiweka tena, ikatoka R.

"Mashine haisomi kilichoandikwa juu ya kitufe," alisema. "Inajua mahali tu. Wewe unaweza kukivisha jina lolote. Kwake yeye, anayekaa hapo ni R."

Nimesoma stashahada mbili baada ya siku hiyo, na sikufundishwa jambo lililonishangaza kuliko hilo. Nilisahau kulia. Nikamwuliza, je, ukiihamisha R ikakaa kwa A? Je, ukikiacha kitufe kitupu kabisa? Alikuwa anajibu maswali yangu yote, mpaka tukasikia mlango wa nje na sauti ya Mzee Abdu ikiuliza barua iko wapi, maji yanapungua.

"Niambie maneno, nikuandikie," Madamu alisema. "Dakika mbili tu."

"Siwezi. Nimeapa."

"Hata mimi ambaye siijui lugha yenu?"

"Hata wewe. Wewe ni mtu mzima."

Mzee Abdu akagonga kioo cha mlango. "Enyi! Jahazi halina breki!"

Madamu Hanta akachomoa kibodi yangu, akachomeka yake. A, kisha Z, ule upuuzi wote. Ilibidi nitafute kila herufi kwa macho, kama mtu anayetafuta kiatu chake msikitini. Niliona kwamba kwa mwendo huo nitapata mstari mmoja, pengine na nusu. Barua ya msimu mzima wa mvua, na mimi nichague mstari mmoja.

Ningependa kusema nilichagua kwa busara. Ukweli ni kwamba mstari ule ulikuwa mfupi kuliko yote. Na kulikuwa na jambo la pili: nilitaka kujua. Kama maneno niliyoandika hayakutoka, je, niliyoyafuta nayo yatatoka?

Nikaandika jina la Eshati. Nikaandika: upande wako wa kitanda sijaulalia. Nikaandika jina la Koko, Zaina. Kila herufi ilikuja kwenye kioo kama nilivyoiita. Madamu akabonyeza, na printa ikalia kama paka aliyekanyagwa, ikatema karatasi yenye matundu pembeni.

"Ndiyo hiyo tu?" aliuliza. "Karatasi nzima?"

"Ndiyo hiyo tu."

Akachapa anwani juu ya bahasha kwa taipureta, na bila kuombwa akagonga muhuri wa tarehe kwenye kona. Mzee Abdu aliitia kwenye mfuko wa kanzu na kukimbia.

Nilirudi Marodoka na kibodi yangu ndani ya gunia. Koko aliuliza neno moja: "Imekwenda?" Nikasema imekwenda. Halikuwa uongo, lakini kwa miezi kadhaa nilipita mbali na jamvi lake, na sikubonyeza kitufe chochote. Nilijua nimevunja kitu, ila sikujua ni kiapo au ni Koko mwenyewe.

Mzee Abdu alikuja kwetu asubuhi moja, mama amerudi kutoka shambani, nyumba inanukia langilangi. Alibeba kitu kilichofungwa kwa kanga kuukuu. Koko hakungoja kifunguliwe. Aliugusa mguu wa kitu kile kupitia kitambaa, akajua. Ilikuwa mbuzi ya mama yao.

"Eshati anakusalimu," Mzee Abdu alisema, akishika kikombe cha chai. "Barua aliifungua kwa hofu, alidhani ni ya serikali. Akanipa mbuzi hii. Akasema: mwambie Zaina asimlaze mtu upande ule. Nikipata nauli ninakuja."

Mama akauliza upande gani. Koko aligeuza kichwa taratibu, akanitazama mimi, nami nikatazama sakafu.

"Rukia. Si nilikwambia ufute?"

"Nilifuta, Koko. Ulisikia mwenyewe."

"Nilisikia," akasema.

Akakaa juu ya ile mbuzi, akaipapasa meno kwa kidole gumba, moja baada ya jingine. Mzee Abdu alikunywa chai yake yote, akaaga, akaondoka. Mama alikwenda kuoga. Ndipo Koko akanyoosha mkono kuelekea pembeni, gunia lilipokuwa limelala tangu nirudi.

"Ilete hapa," akasema. "Na kile kitufe chenye mshale, king'oe."